FEDHA ZA MPIRA WA KWENYE SIMU: NANI ANAPATA NINI?

Somo la kusoma na kujadiliana katika vikundi vya kujiendeleza



Jumamosi moja tulikuwa pamoja na wanakisomo wa kijiji kimoja. Siku hiyo somo lilikwisha mapema kuliko kawaida. Sababu haikuwa mvua. Sababu ilikuwa mpira. Wanawake kwa wanaume walifunga madaftari yao wakaelekea kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira. Nasi tukafuata.

Kijana mwenye kibanda alikuwa ameunganisha simu yake na televisheni. Mechi ilikuwa inachezwa Ulaya, lakini ilikuwa inaonekana pale pale kijijini, inaletwa na intaneti. Kila mtu alilipa shilingi 500 mlangoni.

Wakati wa mapumziko, mama mmoja akauliza: "Jamani, hii mia tano yangu inakwenda wapi? Wale vijana wanaotoka jasho wanaipata?"

Kijana akajibu kwamba inakwenda kwenye bando na umeme. Mzee mmoja akasema, "Wapi! Inakwenda kwa timu kubwa tu." Mwingine akasema inabaki kwa kampuni ya king'amuzi. Wakabishana mpaka mpira ukaanza tena, na swali likabaki bila jibu.

Swali la mama yule ni zuri sana. Ndani yake kuna swali lingine kubwa zaidi: watu wengi wakitengeneza mali moja, wakaiuza pamoja, fedha wazigawane vipi? Hilo ni swali la vilabu vya mpira. Pia ni swali la chama chetu cha ushirika, na la kikundi cha akina mama wanaofuga kuku. Kwa hiyo hata msomaji asiyependa mpira asiiache karatasi hii. Tusome pamoja.

KINACHOUZWA NI NINI?

Zamani klabu ilipata fedha mlangoni. Mtu alikata tiketi, akaingia uwanjani, akatazama. Uwanja ukijaa, umejaa. Hakuna tena pa kuuza.

Ilipokuja televisheni, klabu zikagundua kwamba zina mali ya pili. Mali hiyo ni picha ya mechi. Mtu aliye mbali yuko tayari kulipa ili aione. Kampuni inayotaka kuonyesha mechi ni lazima ipewe ruhusa na wenye mechi, na ruhusa hiyo inalipiwa. Ruhusa hiyo huitwa haki za matangazo.

Siku hizi picha hazipiti kwenye dishi peke yake. Zinapita pia kwenye intaneti mpaka kwenye simu. Mtazamaji analipa kwa mwezi, au kwa mechi moja. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja, klabu za madaraja ya chini huko Uingereza ziliuza mechi zao kwa njia hiyo. Mshabiki alilipa pauni 10, akatazama mechi moja akiwa nyumbani. Tiketi ya mlangoni iligeuka tiketi ya simu.

Sasa tufikiri kidogo. Simba wakicheza na Yanga, mechi ni ya nani? Je, Simba wanaweza kucheza peke yao? Hawawezi. Yanga je? Hawawezi. Mechi ni mali ya timu mbili. Na ligi nzima ni mali ya timu zote, maana bingwa hawezi kuwa bingwa kama hakuna wa kumshinda. Hata timu inayoshika mkia imechangia. Shikeni jambo hili vizuri, kwa sababu ndiyo mizizi ya somo letu.

KWA NINI KUUZA PAMOJA?

Tuangalie Hispania. Kwa miaka mingi kila klabu huko iliuza haki zake peke yake. Real Madrid na Barcelona zina washabiki dunia nzima, kwa hiyo kila moja ilipata takriban euro milioni 140 kwa mwaka. Klabu ndogo ya daraja hilo hilo ilipata chini ya euro milioni 20. Yaani mkubwa alipata mara 7 ya mdogo.

Matokeo yake nini? Mwenye fedha alinunua wachezaji wazuri. Alipokuwa na wachezaji wazuri alishinda. Aliposhinda alipata fedha zaidi. Mdogo alibaki pale pale, na baadhi ya klabu zilizama kwenye madeni.

Mwaka 2015 serikali ya Hispania ilitoa sheria. Sheria ilisema haki za matangazo ziuzwe kwa pamoja, na fedha zigawanywe kwa utaratibu ulioandikwa. Katika kila euro 100 za kugawa, 90 ziende daraja la kwanza na 10 ziende daraja la pili. Na katika zile za daraja la kwanza, nusu zigawanywe sawa kwa sawa kwa timu zote.

Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanalielewa jambo hili bila kufundishwa. Mkulima mwenye magunia 3 akienda peke yake kwa mchuuzi, bei anapangiwa. Lakini korosho zikikusanywa ghalani, zikauzwa kwenye mnada kupitia chama, mnunuzi ndiye anayeshindana. Umoja ni nguvu hata kwenye mizani.

VIKAPU VITATU

Haya, tumeuza pamoja. Fedha zimeingia. Tunagawaje?

Mmoja atasema, "Tugawane sawa, sote ni wanachama." Mwingine atasema, "Aliyefanya kazi zaidi apate zaidi." Wa tatu atasema, "Watu walikuja kwa ajili yangu, kwa hiyo mimi nipate zaidi." Kila mmoja ana haki kidogo katika maneno yake. Kosa ni kudhani kwamba haki yote iko kwake.

Ligi Kuu ya Uingereza ilianza mwaka 1992. Fedha za matangazo ya ndani ya nchi yao ilizigawa katika vikapu vitatu, na hesabu hiyo imedumu miaka mingi:

Kikapu cha kwanza ni cha usawa. Nusu ya fedha, yaani 50 katika kila 100, hugawanywa sawa kwa timu zote 20.

Kikapu cha pili ni cha juhudi. Robo ya fedha, yaani 25 katika kila 100, hugawanywa kwa kufuata msimamo wa ligi. Bingwa hupata mafungu 20, wa pili mafungu 19, na kushuka hivyo hivyo mpaka wa mwisho, ambaye hupata fungu 1.

Kikapu cha tatu ni cha watazamaji. Robo iliyobaki hulipwa kwa kufuata idadi ya mechi za timu zilizoonyeshwa moja kwa moja. Timu inayopendwa huonyeshwa mara nyingi, kwa hiyo hupata zaidi. Lakini angalieni: mechi ikionyeshwa, timu zote mbili hulipwa, mwenyeji na mgeni.

Fedha zinazotoka nchi za nje, pamoja na zile zinazotokana na watazamaji wa Afrika, ziligawanywa sawa kwa sawa mpaka mwaka 2019. Klabu kubwa zikanung'unika. Zikasema, "Watu wa ng'ambo wanatutazama sisi." Wakakubaliana kwamba kiasi cha zamani kiendelee kugawanywa sawa, na nyongeza igawanywe kwa msimamo. Lakini wakaweka kizuizi: wa juu kabisa asipate zaidi ya mara 1.8 ya yule wa chini kabisa.

Je, kizuizi kinafanya kazi? Msimu wa 2023/24, bingwa Manchester City alipata karibu pauni milioni 176. Timu ya mwisho, Sheffield United, ilipata karibu pauni milioni 110. Yaani kila mkiani alipopata pauni 10, bingwa alipata 16. Linganisha na Hispania ya zamani, ambapo mdogo alipopata 10 mkubwa alipata 70. Tofauti ipo, lakini mdogo anaweza kuishi.

TUFANYE HESABU

Chukua kalamu na daftari. Tuseme kuna ligi ndogo ya timu 4: Pwani, Mlimani, Bondeni na Ng'ambo. Wameuza matangazo ya mechi zao kwa kampuni ya intaneti. Wamepata shilingi milioni 80.

Hatua ya 1. Nusu ya milioni 80 ni milioni 40. Gawa kwa timu 4. Kila timu inapata milioni 10.

Hatua ya 2. Robo ya milioni 80 ni milioni 20. Hizi ni za msimamo. Pwani ni wa kwanza, ana mafungu 4. Mlimani ni wa pili, mafungu 3. Bondeni mafungu 2. Ng'ambo fungu 1. Jumla ni mafungu 10. Milioni 20 gawa kwa 10, kila fungu ni milioni 2. Kwa hiyo Pwani anapata milioni 8, Mlimani 6, Bondeni 4, Ng'ambo 2.

Hatua ya 3. Zimebaki milioni 20 za watazamaji. Mechi 10 zilionyeshwa. Kila mechi ina timu mbili, kwa hiyo tunahesabu mara 20. Kila mara moja ni shilingi milioni 1. Mlimani wana washabiki wengi, walionyeshwa mara 7. Pwani mara 6. Bondeni mara 4. Ng'ambo mara 3.

Jumlisha sasa:

Pwani: 10 + 8 + 6 = milioni 24.
Mlimani: 10 + 6 + 7 = milioni 23.
Bondeni: 10 + 4 + 4 = milioni 18.
Ng'ambo: 10 + 2 + 3 = milioni 15.

Hakikisha: 24 + 23 + 18 + 15 = 80. Hakuna shilingi iliyopotea njiani. Mtu anayejua kusoma na kuhesabu haambiwi tu "umepata hizi." Anauliza, "Zimepatikanaje?" Na anajumlisha mwenyewe.

MNUNUZI ALIYEAHIDI SANA

Mpaka hapa mambo yanaonekana rahisi. Lakini tumesema, "Fedha zimeingia." Je, zisipoingia? Hapa ndipo tunapokwenda Ufaransa, maana yaliyowakuta wenzetu huko yanaweza kumkuta mtu yeyote.

Mwaka 2018 ligi ya Ufaransa iliuza haki zake za misimu ya 2020 mpaka 2024. Kampuni ya Mediapro, yenye makao yake Barcelona, ilikuja na bei kubwa. Iliahidi karibu euro milioni 800 kwa mwaka. Ukijumlisha na wanunuzi wengine, ligi ilihesabu zaidi ya euro bilioni 1 kwa mwaka. Watu wakafurahi. Ilikuwa bei ambayo haijapata kuonekana kwao.

Ligi haikudai dhamana ya benki. Yaani hapakuwa na benki iliyosimama na kusema, "Huyu akishindwa, sisi tutalipa."

Msimu ukaanza mwaka 2020. Mediapro ilifungua televisheni yake na kuwataka watazamaji walipe karibu euro 26 kwa mwezi. Watu waliona ni ghali, na korona ilikuwa imeharibu mifuko ya wengi. Fungu la kwanza kampuni ililipa. Likaja fungu la Oktoba 2020, euro milioni 172. Haikulipa. Ikasema bei ya zamani ipunguzwe, kwa sababu dunia imebadilika. Desemba mwaka ule ule mkataba ukavunjwa.

Sasa fikirini hali ya klabu. Zilikuwa zimekwisha panga matumizi kwa kutegemea ahadi. Mishahara ya wachezaji ilikuwa inangoja. Ligi ikalazimika kukopa ili klabu zisianguke. Mwaka 2021 Amazon, kampuni ya Marekani inayoonyesha mechi kwa intaneti, ilichukua mechi 8 katika kila 10. Ililipa euro milioni 250 kwa mwaka. Mechi zilikuwa zile zile, na wachezaji wale wale. Bei ndiyo iliyoanguka.

Waswahili husema, ahadi ni deni. Ni kweli. Lakini deni si fedha. Huwezi kulipia karo ya mtoto kwa deni ambalo mtu anadaiwa na hajalipa.

KUUZA MAVUNO KABLA YA KUVUNA

Shida hazikwisha. Klabu zilikuwa na madeni, zikatafuta fedha za haraka. Mwaka 2022 ligi ilifanya mkataba na mfuko wa uwekezaji uitwao CVC. Mfuko huo ulitoa euro bilioni 1.5. Nao ukapewa asilimia 13 ya kampuni inayosimamia biashara ya ligi. Maana yake, kila mwaka mapato yakipatikana, CVC naye ana fungu lake, na si kwa mwaka mmoja au miwili.

Fedha zile hazikugawanywa sawa. Paris Saint-Germain peke yake ilipewa euro milioni 200. Klabu ndogo zilipata kidogo, lakini fungu la CVC linatoka katika mapato ya wote. Mwaka 2024 kamati ya Seneti ya Ufaransa ilichunguza jambo hili na kulilaumu.

Ndugu zetu wa Kagera wana neno lao: butura. Ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa sababu una shida leo. Siku ya mavuno inafika, kahawa imeiva vizuri, lakini ni ya mwingine. Hatusemi kwamba kila anayechukua fedha ya mapema ni mjinga. Shida ni shida. Tunasema tu: kabla ya kutia sahihi, uliza utalipa kwa miaka mingapi, na nani atabeba mzigo huo.

WENYE MALI WAFUNGUA DUKA LAO

Mwaka 2024 ligi iliuza tena. Kampuni ya DAZN, ambayo nayo huonyesha michezo kwa intaneti, ilikubali kulipa euro milioni 400 kwa mwaka ili ionyeshe mechi 8 katika kila 9. Mtazamaji alitakiwa kulipa karibu euro 30 kwa mwezi, akijifunga kwa mwaka mzima. Washabiki wakalalamika. Wengi hawakulipa, na wengi wakatazama kwa njia za wizi. Wateja wakawa pungufu ya matarajio. Februari 2025 kampuni ililipa nusu tu ya fungu lake. Msimu ulipokwisha, mkataba ambao ulitakiwa ufike 2029 ukafa.

Ligi ikabaki na mali yake mkononi bila mnunuzi. Ikafanya nini? Ikafungua duka lake yenyewe. Agosti 2025 ilianzisha huduma iitwayo Ligue 1+. Mtazamaji analipa ligi moja kwa moja, bila kupitia kwa mnunuzi mkubwa. Bei ilianza na karibu euro 15 kwa mwezi kwa anayejifunga mwaka. Ndani ya mwaka ule ule wa 2025 wateja walipita milioni 1.

Tupige hesabu. Wateja milioni 1, mara euro 15, mara miezi 12, ni euro milioni 180 kwa mwaka, ikiwa kila mmoja analipa bei hiyo kamili. Hapo bado hujatoa gharama za kamera, watangazaji na mitambo. Linganisha na ile ahadi ya milioni 800.

Msomaji atauliza, "Sasa faida iko wapi?" Faida ni kwamba mwenye mali anamjua mteja wake. Akiongezeka mteja mmoja, ligi inaongezeka, si mchuuzi. Hasara ni kwamba sasa hatari yote ni yake. Mwaka ukiwa mbaya, hakuna mnunuzi wa kumdai. Chama cha wakulima kinachoamua kukoboa na kufungasha mchele wake chenyewe kinakutana na mambo hayo hayo. Bei inaweza kuwa nzuri zaidi, lakini mashine ikiharibika, fundi analipwa na chama.

NA SISI HAPA NYUMBANI?

Nasi tumo katika biashara hii. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lilitia sahihi mkataba na Azam Media kwa ajili ya Ligi Kuu. Mkataba ni wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ukigawa kwa miaka 10, unapata wastani wa shilingi bilioni 22.56 kwa mwaka. Mechi za ligi huonekana kwa king'amuzi, na pia kwenye simu.

Kitu kingine hutugusa bila sisi kujua. Huko Uingereza, mechi za Jumamosi saa 9 alasiri kwa saa zao hazionyeshwi moja kwa moja ndani ya nchi yao, si kwa televisheni wala kwa intaneti. Mwingereza aliye nyumbani kwake hazioni. Sisi kijijini tunaziona! Sababu ni kulinda klabu ndogo. Watu wakibaki nyumbani kutazama timu kubwa, nani atakata tiketi ya timu ya mtaani? Wenzetu wameona kwamba fedha ya picha isije ikaua fedha ya mlangoni. Jambo hili tulifikirie sisi pia. Jumamosi ile tulipokuwa kibandani, uwanja wa shule ya kijiji ulikuwa na timu mbili zinacheza na watazamaji hawakufika 20.

Sasa turudi kwenye mia tano ya yule mama. Sehemu yake kubwa hubaki pale pale kibandani, kwa ajili ya bando, umeme, viti na faida ya kijana. Inayokwenda kwa wachezaji ni ile iliyo ndani ya kifurushi ambacho kijana amelipia kwa kampuni yenye haki. Kampuni hulipa ligi. Ligi hugawa kwa vikapu. Klabu hulipa mchezaji. Ni safari ndefu, na kila kituo kina makato yake. Lakini kijana akitumia njia ya wizi, safari inakatika pale pale kibandani. Mchezaji hapati hata senti moja, wala timu ya mkiani.

TUMEJIFUNZA NINI?

Kwanza, mali ya pamoja ina nguvu ikiuzwa pamoja.

Pili, kugawa sawa peke yake huvunja moyo wa mwenye juhudi. Kugawa kwa nguvu peke yake huua mdogo, na mdogo akifa, mkubwa hana wa kucheza naye. Vikapu vichanganywe.

Tatu, kanuni ya kugawa iandikwe kabla fedha hazijaingia. Fedha zikishakuwa mezani, kila mtu huona kikapu chake tu.

Nne, bei kubwa si lazima iwe bei nzuri. Uliza: huyu anao uwezo wa kulipa? Dhamana yake iko wapi?

Tano, usitumie leo ahadi ya kesho.

Wanachama wa vyama vya ushirika, mkutano mkuu ujao ukifika, msikae nyuma mkingoja chai. Ombeni msomewe mkataba wa mnunuzi. Ulizeni makato ni shilingi ngapi kwa kilo, na yanakwenda wapi. Tulijifunza kusoma kwa ajili ya siku kama hiyo.

MANENO MAPYA

Haki za matangazo: ruhusa inayouzwa ya kuonyesha mechi.
Makato: fedha zinazoondolewa kabla ya mwenye mali kulipwa.
Dhamana ya benki: ahadi ya benki kwamba italipa, mnunuzi akishindwa.
Msimamo: mpangilio wa timu kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho.
Wastani: jumla ikigawanywa kwa idadi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini timu ya mwisho katika ligi ipewe fedha?
2. Mshabiki wa timu mgeni akilipa kutazama mechi kwa simu, fedha yake iwe ya nani: mwenyeji, mgeni au wote? Toa sababu.
3. Chama chenu kinagawaje mapato? Kanuni hiyo imeandikwa wapi? Nani kati yenu amewahi kuisoma?
4. Wanunuzi wawili wamekuja. Mmoja anatoa shilingi 2,000 kwa kilo, analipa leo. Mwingine anaahidi shilingi 3,000, atalipa baada ya miezi mitatu. Mtamwuliza maswali gani huyu wa pili kabla ya kuamua?

ZOEZI LA HESABU

Rudia hesabu ya timu 4 za Pwani, Mlimani, Bondeni na Ng'ambo. Safari hii mnunuzi ameahidi milioni 80, lakini amelipa milioni 40 tu. Tumia vikapu vile vile. Kila timu itapata ngapi? Kisha jibu: kama Ng'ambo walikuwa wamekopa milioni 12 kwa kutegemea kupata milioni 15, wana pengo la shilingi ngapi?

Andikeni majibu kwenye daftari, mkasahihishane katika kikundi. Atakayepata jibu awaeleze wenzake alivyolipata.